Maradhi si Ushahidi: Ya Kujua Kabla ya Kwenda Kliniki ya Akina Mama



Ndugu zangu wa misikiti ya Mwanza na ya mwambao wote wa Ziwa Viktoria, zipo ndoa zinazovunjika kwa sababu ya bahasha ya vidonge. Mke amerudi kutoka zahanati akiwa na dawa. Mume anauliza ni za nini. Mke, kwa kuona haya, anajibu kuwa ni za tumbo. Mume haridhiki. Anaichukua bahasha ile hadi duka la dawa, na kijana wa dukani, asiyemjua mgonjwa wala hali yake, anamwambia kwamba dawa hizi hupewa wenye magonjwa ya zinaa. Usiku ule nyumba hailali. Kabla ya Ijumaa wazee wa pande mbili wamekwisha kuitwa, na pengine kabla ya mwezi kuandama talaka imetamkwa. Katika kikao chote hicho hapatokei mtu wa kuuliza jambo lililopaswa kuulizwa mwanzo: je, maradhi hayo yalipimwa yakathibitika, au yalikisiwa?

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi si tabibu, na haya ninayoyaandika hayachukui nafasi ya tabibu. Lakini naona kwamba dada zetu wengi wanakwenda kliniki bila ya kujua watakachoulizwa, watakachofanyiwa wala watakachopaswa kukisema, na waume wengi wanabaki nyumbani wakisubiri kuhukumu.

Kwanza tuelewe jinsi dawa hizo zinavyotolewa. Mwanamke anapolalamika kwamba anatokwa na uchafu ukeni, au ana maumivu chini ya kitovu, aghalabu katika zahanati zetu hapimwi kwa darubini. Anaulizwa dalili, na kwa dalili hizo anapewa dawa zinazoua vijidudu vya namna kadhaa kwa pamoja, cha kisonono kikiwemo. Huku ndiko kutibu kwa dalili, na mkoa wetu una sehemu kubwa katika historia yake. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika utafiti katika jamii 12 za Mkoa wa Mwanza: 6 zilipatiwa huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa, na 6 nyingine zilitumika kwa kulinganishia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba pale palipotolewa huduma ile, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ikaisikia Mwanza. Wapo watu walionusurika kwa sababu ya kazi ile, na sina neno la kuibeza.

Hata hivyo, dawa iliyotolewa kwa dalili ni dhana ya tabibu. Ni dhana yenye faida, maana ni afadhali kumpa mtu dawa ya ugonjwa asiokuwa nao kuliko kumwacha na ugonjwa alionao. Lakini haikuwa hukumu hata siku moja. Tabibu aliyeandika vidonge vile hakusema kwamba mwanamke huyu amezini, wala hakusema kwamba mumewe amezini. Amesema tu kwamba dalili hizi huenda zikawa za kitu fulani. Uchafu ukeni huletwa pia na fangasi, na huletwa na kuvurugika kwa vijidudu vya kawaida viishivyo ukeni, mambo ambayo humpata hata mwanamke mwenye kujihifadhi, mwenye mume mwenye kujihifadhi. Na hapa kwetu upo ugonjwa mwingine unaofanana mno na magonjwa ya zinaa kwa dalili zake, nao hauna uhusiano wowote na zinaa. Ugonjwa huo ni kichocho.

Najua wapo watakaoshangaa. Kichocho kwa wengi wetu ni maradhi ya watoto wa kiume wenye kukojoa damu. Mimi nimekulia Kwimba, na sisi wavulana tuliochunga ng'ombe na kuogelea lamboni tuliona mkojo wa damu kuwa ni dalili ya kukua, asiyeupata alitaniwa. Wasichana wenzetu walichota maji lambo lile lile, wakafua humo, wakapanda mpunga katika majaruba maji yakiwa yamewafika magotini. Hapana aliyewauliza wao wanakojoa nini. Wasichana wale leo ni mama wa watu huko Igoma, Buhongwa, Nyakato na Kirumba.

Minyoo ya kichocho huingia mwilini kwa kupenya ngozi, ikitoka kwa konokono wa maji baridi. Iko ya namna mbili katika kanda yetu. Ile ya ziwani, inayowapata wavuvi na watu wa visiwani kama Ukerewe, hasa ni kichocho cha tumbo, kinachoharibu utumbo na ini. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi bara ndani, kwenye malambo, vidimbwi na majaruba ya Kwimba, Misungwi, Magu, Maswa na Shinyanga. Minyoo ya kichocho cha mkojo hutaga mayai katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na kwa mwanamke mayai hayo hunasa pia katika mlango wa kizazi, ukeni na hata katika mirija ya uzazi. Pale yaliponasa huota vidonda na vipele mfano wa chembe za mchanga. Basi mwanamke hutokwa na uchafu, huwashwa, huumia katika tendo la ndoa, hutokwa na damu baada yake, na wengine hukosa kushika mimba au mimba ikatunga nje ya kizazi. Angalieni orodha hiyo, kisha mniambie ni mume gani mwenye shuku asiyeisoma kuwa ni uzinzi. Ilhali msichana aweza kuwa nayo yote kabla hajaolewa, akiwa bikira, kwa kosa la kuteka maji tu.

Jambo hili si geni katika elimu ya tiba. Minyoo yenyewe iligunduliwa na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851, na habari za mwanamke aliyepatwa na kichocho ukeni ziliandikwa na tabibu mwingine huko huko Misri mwaka 1899. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015 kitabu kidogo cha picha ili wahudumu wavitambue vidonda hivyo kwa macho. Pamoja na hayo, mtu aweza kuhitimu uganga na asiwahi kukionyeshwa kidonda kimoja cha namna hii. Tanzania inatajwa kuwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wenye kichocho, na bado mwanamke mwenye kichocho anatibiwa kisonono mara tatu, mara nne, kila safari akirudi nyumbani na bahasha ile ile inayomtia matatani.

Kwa hiyo, dada yangu, jambo la kwanza unalopaswa kwenda nalo kliniki ni historia ya maji yako. Usingoje kuulizwa. Mwambie tabibu umezaliwa wapi, ulichota maji wapi, uliogelea au ulilima mpunga wapi, hata kama ni miaka 20 iliyopita, na kama ulipata kukojoa damu utotoni. Ukiwa umekwisha kupewa dawa za magonjwa ya zinaa mara kadhaa bila ya kupona, sema hivyo waziwazi, na chukua pakiti za dawa zile ulizotumia. Wala usiridhike kwa kuwa mkojo ulipimwa na mayai hayakuonekana, maana mayai yaliyonasa katika mlango wa kizazi huenda yasitoke katika mkojo kabisa. Kinachohitajika ni kuangaliwa.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, nayo hutolewa kwa kadiri ya uzito wa mtu, miligramu 40 kwa kila kilo. Inaua minyoo, lakini kidonda kilichokaa miaka mingi hakifutiki kwa siku moja, na pengine kisifutike chote. Ndiyo maana kuwahi ni bora, na kurudi kuangaliwa tena ni lazima. Kinachonisikitisha ni kwamba vidonge hivi vimekuwa vikiletwa kwa wingi kama msaada tangu mwaka 2007, lakini vilielekezwa hasa kwa watoto wa shule. Msichana asiyesoma hakuvipata. Mama mtu mzima hakuvipata. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba katika maeneo yenye ugonjwa watu wazima nao wajumuishwe, wakiwemo wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza na wanaonyonyesha. Basi mama wa Misungwi anayo haki ya kuuliza: fungu langu liko wapi?

Kuna sababu nyingine ya kutolichukulia jambo hili kwa wepesi. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 457 katika vijiji 8 vya kaskazini-magharibi ya nchi yetu. Kwa jumla wenye virusi vya UKIMWI walikuwa takriban 6 katika kila 100. Miongoni mwa wenye kichocho cha mkojo na uzazi walikuwa takriban 17 katika 100. Wenye elimu wanaona kwamba kidonda kilicho wazi huenda kikawa mlango wa virusi.

Sasa tuje katika chumba chenyewe, kwa kuwa hofu ya chumba hicho ndiyo inayowarudisha wengi njiani. Mwanamke hulala chali juu ya kitanda, magoti yakiwa yamekunjwa, amefunikwa kanga au shuka. Beba kanga yako mwenyewe, maana ya hospitali huenda isiwepo. Tabibu huingiza chombo kinachoitwa spekulamu, mfano wa mdomo wa bata, ambacho hupanua uke taratibu ili mlango wa kizazi uonekane. Kinakera, lakini hakipaswi kuumiza. Kikiumiza, sema, na una haki ya kuomba kisimamishwe. Kwa kawaida kazi yote huchukua dakika chache tu. Usiende ukiwa katika hedhi, isipokuwa damu yenyewe ndiyo maradhi, hapo usisubiri. Siku mbili kabla ya kwenda, jiepushe na tendo la ndoa, na usiingize dawa yoyote ukeni. Na hii tabia ya kujiosha kwa ndani kwa sabuni, ndimu, shabu au dawa za madukani kwa nia ya usafi, iacheni kabisa. Inaficha kile tabibu anachokitafuta, na inaharibu kinga aliyoiweka Muumba mahali pale. Tohara yetu ni kuosha kwa nje.

Katika kuangaliwa huko huko, mwanamke mwenye miaka 30 hadi 50 aombe apimwe pia saratani ya mlango wa kizazi. Mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi na arudie mara nyingi zaidi. Kipimo chepesi kilichoenea katika vituo vyetu ni cha siki: mlango wa kizazi hupakwa siki iliyozimuliwa, na mahali palipoanza kubadilika hugeuka peupe. Pakionekana mapema, huchomwa kwa baridi au kwa joto, mara nyingi siku ile ile, na mwanamke akarudi nyumbani kwa miguu yake. Saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote. Kwa makadirio ya kimataifa ya miaka ya karibuni, zaidi ya 10,000 hupatikana nayo kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufa. Wengi wao hufika wakati damu na harufu vimekwisha kuwafukuza hata jirani. Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa alilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Leo Bugando ina tiba ya mionzi. Lakini mionzi ni ya aliyechelewa. Siki ni ya aliyewahi.

Saratani hiyo huletwa na kirusi kiitwacho HPV, nacho kweli huambukizwa kwa kujamiiana. Naomba hapa mtulie msome taratibu. Kirusi hiki huweza kukaa mwilini kimya miaka mingi, kumi au zaidi, kabla ya kuleta mabadiliko. Hakuna kipimo kiwezacho kusema kiliingia lini wala kwa nani. Mume aliyepata kuoa kabla, au aliyekuwa na ujana wake kabla ya kutubu, aweza kukileta ndani ya ndoa bila ya yeye mwenyewe kujua, kwa kuwa mwanamume aghalabu hakimwonyeshi dalili. Na penye wake wenza, akionekana mmoja ana mabadiliko, busara ni wote wakapimwe. Si kumnyooshea kidole yule mmoja.

Binti zetu nao wana kinga. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Wanaosema kwamba wasichana wetu wanafanyiwa jambo lisilojulikana na wajue kwamba sehemu ya ushahidi wa kutosheleza kwa dozi moja ulipatikana hapa hapa Mwanza, ambapo wasichana 930 walifuatiliwa kwa miaka, kwa ridhaa ya wazazi wao, wakilinganishwa waliopata dozi moja, mbili na tatu. Uvumi kwamba chanjo hii huua kizazi hauna ushahidi. Kinachoua kizazi ni saratani yenyewe, ambayo tiba yake mara nyingi ni kukiondoa.

Inabaki haya. Wapo dada wanaosema: sitakubali kuangaliwa na mwanamume. Ni haki yao kutafuta mwanamke, na waulize mapema ni siku gani muuguzi au daktari mwanamke yupo zamu. Si kuondoka na maradhi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha mwaka 1993 nchini Brunei, lilipanga daraja: daktari mwanamke wa Kiislamu kwanza, akikosekana, mwanamke asiye Mwislamu aliye mwaminifu, akikosekana, mwanamume Mwislamu, akikosekana, mwanamume asiye Mwislamu, kwa sharti la kutazama kiasi cha haja tu, na kuwepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu. Hapakusemwa kwamba mgonjwa arudi nyumbani akafe. Na Bi. Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, nao waliuliza habari za hedhi na josho mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe.

Tena tusijidanganye. Sisi tunaotaka wake zetu watibiwe na madaktari wanawake wa Kiislamu ndio hao hao tunaowatoa mabinti shuleni kidato cha pili. Hutamkuta Bugando wala Sekou Toure daktari ambaye hukumsomesha. Michango tunayoikusanya kila mwaka kwa minara na mazulia ingetosha kuwapeleka mabinti kadhaa kusoma sayansi, na msikiti wenye zulia la zamani haubatilishi swala ya mtu.

Nirudi kwa dada zangu, kwa kuwa wanayo hazina wasiyoitambua. Tabibu wa magonjwa ya wanawake huuliza kwanza: hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, hudumu siku ngapi, je, damu hutoka nje ya siku zake? Wanawake wengi hushindwa kujibu. Mwislamu hana udhuru wa kushindwa, maana ibada yake inamlazimu kuhesabu. Fiqhi imemfundisha kutenganisha hedhi na istihadha: ile humwondolea swala, hii haimwondolei. Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.) alipomweleza Mtume (s.a.w.) kwamba damu haimkatiki, alifahamishwa kuwa ile ni ya mshipa, si hedhi. Basi istihadha ni hukumu ya kisheria, na ni dalili ya kitabibu pia. Damu kati ya hedhi mbili, damu baada ya tendo la ndoa, damu kwa aliyekwisha koma hedhi, hata ikiwa tone: izihesabiwe siku zake katika daftari, kisha daftari hilo liende kliniki. Wapo wanaouliza ustadhi kama waswali, wakajibiwa waswali, wakaridhika. Ustadhi amejibu la swala. La damu yenyewe halijajibiwa, na ingefaa maustadhi wetu waongeze neno moja: swali, na kesho nenda hospitali.

Kabla ya kuinuka kitini uliza bila ya kuogopa: ugonjwa wangu unaitwaje? Umeupima au umeukisia? Je, mume wangu naye anapaswa kutibiwa? Nirudi lini? Tabibu mwema hakasirishwi na maswali hayo. Majibu yaandikwe. Na kipimo cha virusi vya UKIMWI kikitajwa, jueni kwamba sheria ya nchi ya mwaka 2008 imeweka wazi kuwa kupimwa ni kwa ridhaa na majibu ni siri ya mwenyewe. Kuhusu wale wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme kwamba wanasafisha kizazi na kutoa sumu kwa siku saba, sina maneno mengi: kizazi hakisafishwi kwa dawa ya chupa, na asiyeweza kukuonyesha usajili wake asiguse mwili wako.

Ama wewe mume. Surat An-Nur imeweka mashahidi wanne kwa mwenye kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi, na asiyewaleta ana viboko 80 na ushahidi wake haupokelewi tena. Kwa mume asiye na mashahidi imewekwa njia ya kiapo cha kulaaniana, jambo zito ambalo wengi wetu hatungethubutu kulisimamia. Katika hayo yote bahasha ya vidonge haikutajwa. Anayemwita mkewe mzinzi mbele ya wazee kwa sababu ya uchafu ukeni amejitia katika hatari kubwa kuliko ya maradhi. Ikiwa kweli kipimo kimethibitisha ugonjwa wa zinaa, wajibu wa kwanza ni wote wawili kutibiwa kwa wakati mmoja, kwani mmoja akitibiwa peke yake mwenzake humrudishia; na wewe nawe ukaanze kujihesabu nafsi yako kabla ya kumhesabu yeye. Ukiweza, fuatana naye. Benchi la kliniki ya akina mama halimshushi mwanamume hadhi, na utayasikia maneno ya tabibu kwa masikio yako badala ya kuyasikia kwa muuza dukani.

Mwisho nijibu swali linalokuja kila Shaabani: je, kuangaliwa kwa spekulamu kunabatilisha funga? Baraza lile lile la Fiqhi, katika maamuzi yake ya mwaka 1997, lilikihesabu chombo hicho, na kidole cha tabibu, na dawa ya kuwekwa ukeni, miongoni mwa yasiyofunguza. Wenzetu wengi hapa wanafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, ambamo kauli inayotegemewa ni kwamba kiingiacho ndani kwa kukusudia hufunguza. Anayeifuata kauli hiyo, na ugonjwa wake unaweza kusubiri, apange miadi yake kabla ya Ramadhani au baada ya Idi. Anayetokwa na damu asisubiri mwezi wowote. Aende, na akiona funga yake imeharibika ailipe siku moja baadaye.